Dharura Haina Shikamoo

Juzi mjukuu wangu aliye chuoni Dodoma alinitumia ujumbe: "Bibi nimekufa." Hakuongeza neno. Nilikuwa nimekaa barazani hapa Rau namenya ndizi za mtori, ile supu yetu Wachaga, kisu kikanidondoka. Nikampigia, hapokei. Nikampigia mama yake, naye hapokei. Nilishajifunga kanga ya pili na kuanza kuwaza ni mchungaji gani anapatikana siku ya Jumanne, ndipo ukaingia ujumbe mwingine: ameona video ya mbuzi akimpiga pembe mgombea wa uongozi wa wanafunzi, amecheka, ndiyo amekufa. Nilimjibu kwamba akija likizo tutamzika rasmi, na ubwabwa wa msiba atapika mwenyewe.

Wanangu mnaoanza kazi ya mlimani, hapo ndipo nilipokubali kuwaandikia haya mliyoniomba. Nimekaa kwenye redio ya kampuni moja ya kupandisha wageni Kilimanjaro tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi bila kusaidiwa mpaka magoti yakaomba kustaafu. Kileleni sijawahi kufika. Watu wakiniuliza nawaambia mlima unaonekana vizuri zaidi ukiwa chini. Ukiwa mjini Moshi asubuhi na mapema unauona wote, ukiwa juu unaona mawe na mgongo wa mtu aliyekutangulia. Kazi yangu ilikuwa kukaa chumba cha nyuma, kando ya stoo ya mahema, nikiwasikiliza hao wanaoona mawe.

Na mengi niliyoyasikia humo hayakuwa dharura hata chembe. Chumvi imeisha. Mgeni hanywi maziwa ya ng'ombe, tumpe ya nini? Mpira umeishaje? Kuna wakati wapishi wa misafara miwili walifanya kikao kizima cha harusi kwenye redio, na mwenyekiti na katibu, na mjumbe mmoja akaomba aandikwe kwamba alipinga suala la keki. Niliwaacha wamalize kwa sababu na mimi nilikuwa mwalikwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ezekieli, Muha wa Kigoma. Alikuja huku ujanani kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare, akashika redio ya shamba miaka mingi kabla ya kuhamia kwetu. Alikuwa mwembamba, mkali, na alitutania Wachaga bila kuchoka. "Nyie watu kila kitu mnauza," alikuwa akisema. "Salamu tu ndiyo mnagawa bure, tena mnajaza mpaka inamwagika." Kule kwenye miwa, alisema, moto ukiwaka mtu anashika redio anataja kitalu na upande unakoelekea upepo, basi. Habari za watoto ataulizwa moto ukishazimwa.

Mwanzoni kabisa alinifundisha maneno mawili. La kwanza ni medei, linalotumiwa na marubani na manahodha wa dunia nzima. Linasemwa mara tatu mfululizo, na maana yake ni kwamba kuna mtu atakufa tusipofanya haraka. Linarudiwa hivyo ili anayelisikia katikati ya mikwaruzo asidhani kuna mtu anasimulia mkasa wa mwaka juzi. Wapishi waligoma kutumia neno wasilojua lilikotoka, kwa hiyo sisi tukaweka la kwetu: dharura, dharura, dharura. La pili ni pan-pan, mdogo wake medei. Hilo linasema kuna shida, tunahitaji msaada, lakini hakuna anayekata roho. Mguu umeteguka ni pan-pan. Mtu haongei vizuri, anayumba kama aliyetoka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na hakuna mbege, hiyo ni dharura. Ukisikia dharura unanyamaza, hata kama ulikuwa katikati ya kuomba chumvi, kwa sababu redio ni uchochoro, wakiingia wawili kwa pamoja hapiti mtu.

Msidhani mambo haya yaliletwa na Wazungu. Kwetu Uru, kabla sijaiona redio yoyote, kulikuwa na yowe. Bibi yangu alikuwa na yowe lililosikika ng'ambo ya bonde, na sheria zake alizijua mtoto na mkubwa. Ukilisikia unalipokea, unalipiga tena ili wa kihamba cha pili, ng'ambo ya migomba yako, nao wasikie, halafu unatoka na chochote ulichoshika mkononi. Usipotoka, siku yako ikifika hatatoka mtu. Basi siku moja ng'ombe wa jirani yetu akatumbukia kwenye mfongo, ule mfereji unaoleta maji kwenye migomba, na jirani akapiga yowe bila kusema ni la nini. Watu wakafurika na mapanga na mashoka wakitafuta mwizi. Ng'ombe alipoyaona yale mapanga alitoka kwenye mfongo mwenyewe. Wazee walimtoza jirani pipa la mbege kwa kutoa watu bila kutaja shida, na shangazi yangu alikuwa wa kwanza kuhudumiwa, kwa sababu yeye alikuwa ametoka nyumbani na kata ya kunywea.

Filimbi nayo ina lugha yake. Mlimani unapuliza mara sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika moja, unarudia. Anayekusikia anakujibu kwa tatu. Ni chombo kizuri kwa sababu hakina betri, ila kinataka heshima. Tulikuwa na mgeni mmoja mwenye ndevu nyekundu aliyepewa filimbi akaigeuza kengele ya hoteli. Akitaka chai anapuliza, akitaka maji ya moto anapuliza. Siku moja ukungu umeshuka, akaenda kujisaidia mbali kwa sababu ya aibu, akateleza, akakwama kwenye genge. Akapuliza. Kambi nzima ikasikia na hakuna aliyeinua kichwa. Aliyemwokoa ni mpishi wetu, Shayo, aliyetoka na chupa ya chai huku akitukana kwa Kichaga kwamba leo lazima amwambie ukweli wake. Akamkuta ananing'inia kwenye kichaka. Shayo aliniambia alimmiminia chai kwanza, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa ameibeba, halafu ndipo akaita watu wa kamba.

Sasa mkishapata mtu wa kuwasikia, mnasema nini? Mnaanza na wapi, halafu nani, halafu nini. Vijana wote wanapenda kuanza na nini, maana ndiyo yenye utamu. Lakini nikijua uko wapi, hata redio ikizimika nitatuma watu, na wakifika wataona wenyewe kama umevunjika au umepagawa. Nikijua umevunjika na sijui uko wapi, kilichobaki ni kukuombea, na kanisani kwetu kazi hiyo ina watu wake. Tena uwe ni wapi ambapo mtu mwingine anaweza kupafika. Nimewahi kuambiwa "tuko hapa juu kidogo." Nimewahi kuambiwa "pale tulipopumzika na Mushi mwaka ule." Wengi waliniambia "hapa kwenye mawe."

Na betri. Baridi inaua betri kabla haijakuua wewe. Redio isikae juu ya mzigo, ikae ndani ya koti, karibu na ngozi. Ikizimika usiitupe. Toa betri, iweke kwapani, kaa nayo kama kuku na yai. Itakupa maneno machache ya mwisho, kwa hiyo yapange kabla hujabonyeza.

Haya yote Elinami aliyajua. Elinami alikuwa kiongozi wa msafara, mtoto wa Mwika, mwimbaji wa kwaya, mpole mpaka unatamani kumtikisa. Kati ya wapagazi wake alikuwepo Praygod, naye wa Mwika, mtu mzima mwenye mke na mtoto mchanga, mwenye nguvu za kubeba mzigo wake na wa mwenzake. Siku ninayowasimulia walikuwa wanatoka kambi ya Shira kwenda kambi ya Barranco. Wageni hupita juu kwenye mwamba mkubwa wa Lava Tower ili miili yao izoee, wapagazi hukata kwa njia ya chini. Mchana ulikuwa umeshageuka nilipomsikia.

"Kituo, Kituo, hapa Elinami."

"Nakusikia, Elinami."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri tu mama. Sijui nyumbani?"

"Salama. Wageni hawajambo?"

"Hawajambo kabisa, wanakula vizuri. Mzee Ezekieli na ule mguu wake?"

"Unaendelea vizuri, yupo hapa."

"Naomba unifikishie shikamoo."

Nikaifikisha. Mzee Ezekieli aliipokea kwa kukunja uso.

"Sasa mama, huku kwa kweli tunamshukuru Mungu. Ila tu kuna kajambo kadogo. Praygod kifua kinambana kidogo. Anakohoa kohoa, yaani kuna povu kidogo, la pinki hivi..."

Redio ikalia mlio mwembamba, ikakata.

Wanangu, anayekohoa povu la pinki mlimani mapafu yake yanajaa maji. Anazama, na hakuna ziwa hapo. Hasubirishwi mpaka asubuhi, hapewi tangawizi, hafunikwi blanketi akaambiwa atapoa. Anashushwa, na kama hewa ya mtungi ipo anawekewa huku mnashuka. Elinami alijua hivyo vizuri kuliko mimi. Lakini sisi watu wa huku habari mbaya hatuiachi iingie mlangoni peke yake, lazima itanguliwe na nzuri. Mtu unamuuliza habari za nyumbani anakujibu nzuri, ila baba amefariki. Ndivyo tulivyolelewa, na yeye alilelewa vizuri kupita kiasi.

"Kasema yuko wapi?" Mzee Ezekieli akaniuliza.

"Hajasema."

"Sasa muda wote ule alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anakusalimia."

Shida ilikuwa hii. Kama Praygod alikuwa bado upande wa Shira, gari lingeweza kupanda mpaka mwisho wa barabara ya uokoaji na watu wangemfuata kwa machela kutoka hapo. Kama alishavuka kuelekea Barranco, gari halifiki, watu wangepaswa kupanda kwa miguu kutokea Mweka. Siku zile misafara haikubeba hewa kama mnavyobeba leo, na mtungi uliokuwepo ofisini ulikuwa mmoja. Ungekwenda upande usio wake, usingekuwa na maana tena kwa Praygod.

Mzee Ezekieli akasema Shira. Mimi nikasema Mweka, maana kwa saa ile wapagazi wenye miguu mizuri wanakuwa wameshafika. "Mwenye mapafu ya maji hana miguu mizuri," akaniambia. Tukabishana tukiwa tumesimama, dereva ameshawasha gari nje anapiga honi. Niliogopa sana. Nilimfahamu mke wa Praygod, tulikuwa tumekwenda kumpongeza kwa uzazi juzi juzi tu, na nilikuwa namwona akija mlangoni pale kuniuliza mtungi ulikwenda wapi. Kila nilipoita kwenye redio nilijibiwa na upepo. Nilijua Elinami ameshaiweka betri kwapani, na katika sala zangu zote sijawahi kuomba kitu cha ajabu kama siku ile, nilipomwomba Mungu amjalie Elinami kwapa lenye joto.

Redio ikakwaruza.

"Kituo, Kituo, hapa Elinami. Shikamoo m..."

"Usiniamkie. Uko wapi?"

Kimya. Nikadhani imezimika. Baadaye Elinami alinieleza kwamba haikuwa imezimika, ni yeye aliyeshtuka. Tangu azaliwe hakuwahi kukatazwa kumwamkia mtu mzima, akadhani amenikosea jambo kubwa, na pale alipokuwa amepiga magoti kando ya mtu anayekufa akaanza kukumbuka ni lini alinikosea. Mzee Ezekieli akaninyang'anya redio.

"Elinami, marahaba ya leo na ya mwaka huu wote. Wapi?"

"Njia ya wapagazi, chini ya Lava Tower. Bado upande wa Shira. Hawezi kutembea."

Hapo ndipo ilipozimika kweli, na gari lilikuwa limeshatoka getini kabla Mzee Ezekieli hajairudisha redio mezani. Watu wa gari walimkuta wenzake wamembeba kwa zamu mgongoni, midomo yake imekuwa ya bluu. Mtungi ukafanya kazi yake, na machela ya gurudumu moja ikamshusha hadi kwenye gari. Alifika hospitali mjini akiwa hai.

Kesho yake nilikwenda kumwona. Elinami alikuwa nje ya wodi ameshika kofia, hataki kunitazama. Nikamwambia aniamkie, akaniamkia, tukayamaliza. Ndipo akanieleza lililokuwa linamla. Praygod alianza kukohoa tangu kambi ya kwanza. Kila asubuhi Elinami alimuuliza, "Umelalaje?" na kila asubuhi Praygod alijibu, "Salama." Usiku alikuwa anakwenda kukoholea nyuma ya hema la jiko, uso ameufunika kwa gunia, kwa sababu mpagazi anayekohoa anateremshwa, na anayeteremshwa msimu unaofuata haitwi. Wenzake walijua. Nao walipoulizwa walisema salama.

Nilikasirika, siwafichi. Tulikuwa tumeandika maneno ya dharura kwa herufi kubwa ukutani, tukawafundisha filimbi, tukawafundisha makwapa, na mtu akazama mbele yetu siku zote hizo huku akitujibu salama, nasi tukampa mzigo abebe.

Nikaingia wodini. Praygod alikuwa amelalia mito mitatu, mama yake kakaa kando na bakuli la mtori, amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo mama," Praygod akasema.

"Marahaba. Unaendeleaje?"

Mama yake akawahi. "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Amekula kidogo. Aika mae, asante sana kwa kuja, karibu kiti. Za Rau? Watoto hawajambo?"

Nikamjibu za Rau, nikamjibu na za watoto. Praygod alikuwa anaangalia dari.

"Vibaya, mama," akasema.

"Praygod," mama yake akamkemea taratibu, "mgeni hata hajakaa."

"Vibaya. Mguu huu umevimba tangu alfajiri, unauma sana. Na kifua kimeanza kuchoma tena. Naogopa."

Yule mama alitazama chini kwa aibu, kama vile mwanawe ametukana mbele ya watu. Mimi sikukaa kwenye kile kiti. Nilitoka kwenye korido nikamwita nesi kwa sauti ambayo hospitali zinakataza. Akaja, akaufunua mguu, akamkimbilia daktari. Daktari alisema damu ilikuwa imeganda mguuni na imeanza kupanda kifuani, na jambo la namna hiyo halimngoji mtu amalize kuaga wageni. Wakamwanzishia sindano pale pale. Mama yake alikaa na bakuli mapajani mpaka mtori ukapoa, halafu akamshika mwanawe mkono, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Wapi pengine panauma?"

Alipona, ingawa ilichukua muda. Leo ndiye kiongozi wa wapagazi kwenye misafara ya Elinami, na wengi wenu mtapanda chini yake. Asubuhi, kabla mzigo haujainuliwa, hawaulizi watu habari. Anapita kwa mmoja mmoja anauliza wapi panauma, na ukimjibu hapaumi anakwambia uvue viatu.

Msimu uliopita kijana mmoja mpya alimjibu, "Niko poa tu, bro." Akaambiwa avue viatu. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi kwa baridi, na alikuwa ametembea navyo hivyo kwa kuogopa kukosa safari. Kijana akaanza kulia mbele ya wenzake wote, na wengine wakataka kucheka. Praygod akachuchumaa, akamshika ule mguu kwa mikono miwili.

"Sawa, tumekusikia," akamwambia. "Sasa tunashuka, na safari ijayo jina lako nitaliita la kwanza."